Kijito cha Wati Sifuri

Zoezi ni dogo. Kijito kinashuka kilimani. Kila sekunde kinaleta nusu mita ya ujazo ya maji, maji yanaanguka kimo cha mita 20, na mtambo ulio bondeni unageuza asilimia 70 ya nguvu yake kuwa umeme. Andika programu itakayotuambia tutapata kilowati ngapi.

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uhandisi mjini Butembo, mashariki mwa Kongo, hahitaji kufundishwa fizikia hiyo. Mita moja ya ujazo ya maji ina kilo 1,000. Zidisha kwa 9.81 za mvutano wa dunia, kwa 0.5, kwa 20, kisha kwa ufanisi wa mtambo, ugawanye kwa 1,000 upate kilowati, basi. Anaiandika kwa lugha ya C, mistari isiyozidi kumi na mitano. Kompaila, chombo kinachoitafsiri kwa ajili ya mashine, inaipokea bila kunung'unika. Anaiendesha, na jibu linatokea: 0.

“Prof, mashini inasema zero.”

Ufundi ninaotaka kuusifu unaanzia hapa, na mwenye haraka hauoni. Mwalimu hagusi kibodi. Hanyoshi kidole kwenye mstari wenye kosa, ingawa ameshauona. Anamwambia kijana aiache kompyuta, achukue karatasi na kalamu, na awe yeye mashine: asome mstari mmoja, atende unachosema mstari huo tu, aandike pembeni kila jina linashika thamani gani, ndipo aende mstari unaofuata. Kijana anaanza kwa kujiamini. Maji, 0.5. Kimo, 20. Anafika kwenye mstari unaosema ufanisi = 70 / 100, anaandika 0.7 na kutaka kupita.

“Nani amekuambia 0.7?”

“Ni hesabu, Prof.”

“Hesabu yako, ao yake?”

Swali hilo linachukua muda, na mwalimu anauacha muda upite. Katika C, namba kamili ikigawanywa kwa namba kamili huzaa namba kamili, kinachobaki hutupwa. Sabini kugawanya kwa mia ni sifuri. Hata ukiwa umetangaza kwamba ufanisi utashika namba ya desimali, haisaidii, kwa kuwa kugawanya kumekwisha kabla jibu halijafika huko. Na sifuri, hata ukiizidisha kwa mto Semliki mzima, hubaki sifuri. Kijana anaongeza nukta na sifuri moja, 70 inakuwa 70.0, na kijito kinatoa kilowati 68.67.

Sasa lirudie zoezi ulitazame upya. Mwalimu angeweza kuandika ubaoni “ufanisi ni 0.7”, na darasa zima lingepata jibu sahihi siku ile ile na kwenda nyumbani mikono mitupu. Aliandika “asilimia 70” kwa makusudi, akijua kabisa wengi wataandika 70 / 100. Kuchagua namba itakayomkwaza mwanafunzi mahali panapofaa, mapema, na kwa hasara ya nusu saa tu, ni kazi inayotaka uzoefu wa miaka. Mtego mbaya humwaibisha mtu. Mtego mzuri humwacha akicheka peke yake njiani.

Hata kijito chenyewe hakikuokotwa hivi hivi. Miteremko ya Lubero na Ruwenzori imejaa maji yanayoshuka kwa kasi. Mutwanga, katika wilaya ya Beni, kituo kidogo cha umeme wa maji kilichojengwa kwa mpango wa Hifadhi ya Virunga kimekuwa kikifanya kazi tangu 2013; baadaye kikafuata kikubwa zaidi cha Luviro, huko Lubero, chenye uwezo wa megawati zaidi ya 14. Anayesomea uhandisi huku ana nafasi nzuri ya kusimama siku moja kando ya maji, daftari mkononi, na kuulizwa na wazee wa kijiji swali lile lile la darasani. Hatakuwa mwandishi wa programu kwa taaluma. Atakuwa mhandisi anayeandika programu kwa sababu hesabu zake ni nyingi kuliko saa alizonazo, na ndiyo maana somo hili linamhusu yeye sawasawa na yule anayesomea kompyuta.

Vyuo vya kumfundisha vipo. Butembo ina Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, kilichoanzishwa mwaka 1989 katika enzi za Askofu Emmanuel Kataliko, na vingine kadhaa vilivyofuata. Beni ina chuo cha Kikristo cha lugha mbili, UCBC, kilichofunguliwa 2007, kinachofundisha kwa Kifaransa na Kiingereza. Kati ya miji hiyo miwili kuna kilomita hamsini na kitu za barabara. Miaka iliyopita juu yake haikuwa miepesi. Mauaji ya raia katika wilaya ya Beni yalishika kasi tangu Oktoba 2014. Ebola ilitangazwa Agosti 2018 na haikutangazwa kwisha mpaka Juni 2020, ikiwa imeua watu zaidi ya 2,200. Mei 2021 jimbo zima la Kivu Kaskazini liliwekwa chini ya utawala wa kijeshi. Mwalimu wa huku anapopanga ratiba ya muhula anajua kwamba huenda wiki moja au mbili zikaliwa na mji uliofungwa. Somo lake lazima liwe na uwezo wa kukatika na kuunganika tena.

Hiyo ni sababu mojawapo ya chaki kutangulia kibodi. Umeme unakuja na kwenda, kompyuta moja inasubiriwa na watu wengi, na si kila mwanafunzi ana yake. Wiki za mwanzo somo linaitwa algoritimu, na linafundishwa ubaoni kwa maneno ya Kifaransa yaliyopangwa kama sheria: Lire kwa kupokea data, Écrire kwa kutoa jibu, Si na Alors na Sinon kwa kuchagua njia, Tant que kwa kurudia. Juu kabisa pameandikwa Début, chini kabisa Fin. Kati ya hapo kila mstari umeingia ndani hatua moja kulingana na mstari unaoutawala, na mwalimu hakubali mstari ulioegemea mahali pasipo pake hata kama maana yake ni sahihi. Kwa mgeni hilo ni jambo la usafi wa daftari. Kwa mwenye ujuzi, upana wa ukingo ule mweupe wa kushoto ndio unaoonesha nani yuko ndani ya nani, na programu nyingi zilizopotea zilipotelea pale.

Maneno hayo machache yanatosha. Mwaka 1966 Waitaliano wawili, Corrado Böhm na Giuseppe Jacopini, walithibitisha kwamba algoritimu yoyote ile inaweza kuandikwa kwa mambo matatu tu: kufuatana, kuchagua na kurudia. Mwanafunzi wa Butembo aliyekaa wiki tatu mbele ya ubao bila kugusa mashine ameshakabidhiwa vyombo vyote. Kilichobaki ni mkono kuvizoea.

Mkono huzoea kwa kuandika jedwali la hatua. Chora safu moja kwa kila kigeu, yaani kila jina linaloshika thamani inayoweza kubadilika. Kila mstari wa programu ukitendeka, andika mstari mmoja wa jedwali. Kazi hiyo ina nasaba ndefu. Ada Lovelace alipochapisha mwaka 1843 maelezo ya namna ya kupata namba za Bernoulli kwa mashine ya Charles Babbage, aliyaweka katika jedwali kubwa linaloonesha, hatua kwa hatua, kila kigeu kinakuwa nini. Mashine yenyewe haikukamilika kujengwa. Jedwali lake la karatasi ndilo ambalo wengi huliita programu ya kwanza duniani, na mwanafunzi anayechora lake kwa rula na kalamu ya bluu yumo katika mstari huo huo.

Nisieleweke kwamba nasifu uhaba. Chumba chenye kompyuta 40 na umeme wa uhakika ni bora kuliko kisicho navyo, na hakuna mwalimu wa Butembo atakayekuambia vingine. Nasema tu kwamba kuendesha programu kichwani ni ujuzi kamili unaojitegemea, na ambao watu wenye kila kitu huuruka kwa sababu mashine iko karibu mno. Anayeweza kubonyeza kila baada ya sekunde kumi hujaribu hiki, hujaribu kile, mpaka jibu linakubali, wala hajui kwa nini limekubali. Anayesubiri zamu yake ya dakika ishirini huja na programu ambayo ameshaiendesha mara tatu kwenye karatasi. Serikali ilipokata intaneti nchi nzima kuanzia 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi ambao Beni na Butembo zilikuwa zimeahirishiwa, ukimya huo ulidumu karibu siku 20. Mtu ambaye ujuzi wake wote ulikuwa kutafuta mtandaoni alibaki amekaa. Mwenye silabusi yake ya fotokopi na jedwali lake aliendelea na kazi.

Kuna mambo, hata hivyo, ambayo karatasi haiwezi kuyafundisha, na fundi mzuri anajua siku ya kuiweka chini. La kwanza ni kusoma malalamiko ya kompaila. Mwanafunzi wa Beni anaongea Kinande nyumbani, Kiswahili sokoni, Kifaransa darasani, na sasa mashine inamlalamikia kwa Kiingereza, makosa 34 kwa mpigo, programu yenyewe ikiwa na mistari 20. Anakata tamaa. Mwalimu anamwekea kanuni mbili: soma kosa la kwanza tu, mengine ni watoto wake, na ukiona mstari wa nane unalaumiwa lakini hauna kosa, mtazame wa saba. Alama ya nukta-mkato iliyosahaulika mwishoni mwa mstari huonekana na kompaila pale tu inapoanza kusoma mstari unaofuata, ndipo ikapiga kelele. Kijana anaweka nukta-mkato moja, anarudia, na makosa 34 yanakuwa mawili. Hofu yake ya Kiingereza inapungua siku hiyo kuliko katika mwezi mzima wa masomo ya sarufi.

La pili ni ukubwa wa namba. Kwenye karatasi namba haina mwisho. Ndani ya mashine ina nyumba yenye kuta. Namba kamili ya kawaida katika C, kwenye kompyuta za leo, inafika 2,147,483,647 na hapo ndipo ukuta. Darasani namba hiyo huonekana kama utani. Nani atafika huko? Mwalimu anaandika ubaoni: tuseme dola moja ni faranga 2,800. Gawanya. Ukuta uko kwenye dola 767,000 hivi, na kila mtu katika darasa hilo anamfahamu, walau kwa sifa, mfanyabiashara wa Butembo anayeagiza makontena kutoka Guangzhou na Dubai ambaye mauzo yake ya mwaka yanaweza kuupita. Programu ya hesabu iliyoandikwa bila kufikiri, ikipewa faranga moja zaidi ya kikomo, mara nyingi itageuza utajiri wote kuwa deni: hasi 2,147,483,648. Haitapiga kelele. Itachapisha ripoti safi kabisa.

Hapo ndipo mwalimu anaposimulia roketi. Tarehe 4 Juni 1996, Ariane 5 iliruka kwa mara ya kwanza kutoka Kourou, Guyana ya Kifaransa, na kabla dakika moja haijatimia ilikuwa imepasuka angani. Sehemu ya programu iliyorithiwa kutoka Ariane 4 ilijaribu kuiingiza namba kubwa ya desimali katika nyumba ya biti 16, ambayo mwisho wake ni 32,767. Kwa Ariane 4, iliyopaa polepole zaidi, namba hiyo haikuwahi kufika huko. Programu ilikuwa sahihi kwa chombo cha jana. Darasa la wahandisi hunyamaza kidogo likisikia hilo, kwa maana hakuna aliyeandika upuuzi. Kuna mtu tu ambaye hakuuliza namba hii inaweza kukua mpaka wapi.

Wapo wanaobishana kuhusu lugha ya kuanzia. Pascal ilitungwa na Niklaus Wirth huko Zürich, ikatoka mwaka 1970, kwa nia hasa ya kufundishia, na inatenga waziwazi kugawanya kwa namba kamili na kugawanya kwa desimali. Mwanafunzi wetu wa kijito asingenaswa. Python ya leo pia ingempa 0.7 bila ubishi. C, iliyoandikwa na Dennis Ritchie kwenye maabara za Bell mwanzoni mwa miaka ya 1970, haina huruma hizo. Kila lugha inaficha kitu na kuanika kitu, na mwalimu anayejua lugha yake imeficha nini anaweza kuanza na yoyote. Ubishi huo sitaupa nafasi zaidi ya hiyo.

Afadhali tutazame jinsi anavyofundisha kurudia, kwa sababu hapo ndipo wengi huvunjika. Anaandika namba nne ubaoni: 11, 13, 17, 19. Si zake. Zimechongwa kwenye mfupa mdogo ambao Jean de Heinzelin, mwanajiolojia wa Ubelgiji, aliuchimbua mwaka 1950 pale Ishango, mahali Semliki inapotoka ziwa Edward, katika wilaya hiyo hiyo ya Beni. Mfupa una umri wa miaka 20,000 hivi na leo uko Brussels. Umechanjwa chale zilizokusanywa mafungu mafungu katika safu tatu, na wataalamu bado wanabishana kama ni hesabu, kalenda ya mwezi au kitu kingine. Mwalimu haingii kwenye ubishi huo pia. Anataka jumla.

Jumla inaanza na 0. Kihesabio, i, kinaanza na 0. Maadamu i ni ndogo kuliko 4, ongeza namba iliyo katika nafasi ya i, kisha sogeza i kwa moja. Msichana aliyeitwa ubaoni anajaza jedwali kwa sauti. i ni 0, jumla 11. i ni 1, jumla 24. i ni 2, jumla 41. i ni 3, jumla 60. i ni 4: je, 4 ni ndogo kuliko 4? Hapana. Tunatoka. Sitini. Mwalimu anafuta alama moja tu na kuandika nyingine: badala ya “ndogo kuliko”, anaweka “ndogo kuliko au sawa na”. Endelea, dada. i ni 4. 4 ni sawa na 4. Ongeza namba iliyo katika nafasi ya nne. Msichana anatazama orodha. Nafasi ni 0, 1, 2, 3. Ya nne haipo.

“Hakuna kitu hapo, Prof.”

“Kwenye ubao hakuna. Ndani ya mashini kunakosekana kitu?”

Hakukosekani. Kumbukumbu ya kompyuta haina mahali patupu. Baada ya 19 kuna baiti nyingine, mabaki ya kazi nyingine, na C itazichukua na kuzijumlisha bila kuuliza ni za nani. Leo jibu litakuwa 60, kesho 4,201,147, keshokutwa programu itazimika. Kosa la aina hiyo ndilo baya kuliko yote kwa sababu linaweza kufaulu siku ya mtihani na kuanguka siku ya kazi. Msichana anarudi kwenye kiti chake akiwa ameelewa kwa vidole kwamba kuhesabu kuanzia sifuri si mazoea ya ajabu ya watu wa kompyuta. Namba ya nafasi inaeleza umbali kutoka mwanzo, na kitu cha kwanza kiko umbali wa sifuri.

Usahihishaji wa mitihani nao unastahili kutazamwa. Katika vyuo hivi mtihani wa programu huandikwa kwa kalamu. Msahihishaji ana rundo la karatasi mia moja au zaidi, na kila moja ina programu ambayo hakuna mashine itakayoiendesha isipokuwa kichwa chake. Ukimwangalia akifanya kazi utaona penseli ikitembea ukingoni: i ni 0, i ni 1, i ni 2. Mwanafunzi mmoja amesahau kusogeza kihesabio. Penseli inaandika 0, 0, 0, inasimama, inachora mviringo mdogo. Programu hii ingezunguka mpaka umeme ukatike. Mwingine amepata jibu sahihi kwa njia ndefu inayopita mahali ambapo msahihishaji hakuwahi kupafikiria. Penseli inairudia mara mbili, tatu, inatafuta pa kuiangusha, inakosa, inatoa alama zote. Kompyuta ingeweza kusema jibu ni sahihi au si sahihi. Haingeweza kuona kwamba huyu alielewa kila kitu akakosea alama moja, na yule hakuelewa chochote akabahatisha.

Zoezi la mwisho la muhula linagusa nyumbani. Wanande, ambao ndio wengi katika Butembo na Beni, humpa mtoto jina kwa mpangilio wa kuzaliwa. Kwa wavulana orodha huenda hivi: Paluku, Kambale, Kasereka, Kakule, Katembo, Mbusa, Ndungo. Kwa wasichana huanza na Masika. Zoezi: pokea namba, taja jina la mvulana. Nusu ya darasa inamaliza kwa dakika kumi, na nusu ya hao programu zao, zikiulizwa mtoto wa kwanza, zinajibu Kambale. Wamesahau tena kwamba Paluku amekaa nafasi ya sifuri. Akina Paluku waliomo darasani wanalalamika kwamba wamenyang'anywa uzaliwa wa kwanza, na somo la Ishango linarudiwa kwa vicheko.

Kisha maswali yanaanza, na mwalimu anakaa kitini. Wa kwanza anaweza pia kuitwa Mumbere, programu itachaguaje? Muhindo je, jina linalokuja pale jinsia inapobadilika katika mfululizo wa watoto? Hilo halihitaji namba moja, linahitaji kujua waliotangulia. Mapacha wana majina yao. Mtoto aliyefariki anahesabiwa? Kila mmoja darasani amelibeba jina lake tangu kuzaliwa na alidhani anaijua sheria. Sasa anagundua kwamba anaijua kwa nusu, kama wengi wetu tunavyojua mambo ya kwetu. Mtu aliyekulia katika mji wa biashara amezoea kueleweka kabla hajamaliza sentensi. Mali huenda na kurudi kwa kuaminiana, na mkubwa akisema “nenda kamalizane na yule”, mdogo anajua ni nani, wapi, na kwa kiasi gani. Mashine haikamilishi sentensi ya mtu. Mwalimu anafunga mjadala kwa agizo moja: hakuna kuandika mstari wowote mpaka kila mmoja amuulize mzee wa kwao na kuleta sheria yake kwa maandishi. Kwa wahandisi hiyo ndiyo sehemu kubwa ya kazi, nao watalipwa miaka mingi kwa kuwauliza watu maswali ambayo watu hao hawakujua kwamba yana majibu.

Kuna funzo la pili ndani ya zoezi hilo, la orodha ya darasa lenyewe. Katika kundi la watu mia, akina Kambale wako wengi. Programu inayotafuta alama za Kambale na kusimama kwa wa kwanza itakayempata imempa mtu alama za mwenzake. Ndipo namba ya usajili, ile ambayo kila mwanafunzi huiona kama usumbufu wa ofisi, inapopata sababu yake: jina humwita mtu, namba humtenga.

Siku ya kuwasilisha, mwalimu haanzi kupima kwa 1 wala 2. Anaingiza 0. Halafu hasi 3. Halafu 40. Halafu herufi. Programu nyingi zinazimika, nyingine zinataja takataka, chache zinajibu kwa utulivu kwamba hakuna jina la namba hiyo na kumwomba mtu ajaribu tena. Hizo chache huwa ndefu mara mbili ya nyingine, na sehemu yao kubwa haifanyi kazi iliyoombwa. Inalinda kazi iliyoombwa. Baada ya hapo wanafunzi wanabadilishana programu wawili wawili, na kila mmoja anapewa nusu saa ya kutafuta namba itakayoiangusha ya mwenzake. Alama wanapata wote wawili, aliyeandika na aliyeangusha.